Naomba ushauri: dada yangu ataka kujidunga sindano ya kupunguza mwili

Assalamu aleikum ndugu zangu. Niko Majengo, Mombasa. Dada yangu ana miaka 38, kilo 104, na ana sukari. Kila siku anameza metformini. Wiki jana shoga yake kamletea kichupa cha unga mweupe, ati retatrutaidi, auchanganye na maji kisha ajidunge tumboni kila wiki. Kibandiko kinasema ni cha utafiti tu, si cha kutumiwa na binadamu. Hakuna jina la kiwanda wala tarehe ya mwisho wa matumizi.

Nimesoma kidogo. Retatrutaidi ni peptidi (mfano wa kipande kidogo cha protini) ya kampuni ya dawa ya Eli Lilly, inayoamsha vipokezi vya homoni tatu zinazohusika na njaa na sukari mwilini: GLP-1, GIP na glukagoni. Katika majaribio yaliyochapishwa 2023, waliopewa dozi kubwa walipungua takriban asilimia 24 ya uzito kwa wiki 48. Lakini wale walipandishiwa dozi polepole, madaktari wakiwaangalia, na bado kichefuchefu na kutapika viliwasumbua. Yeye ataangaliwa na nani? Kipimo chenyewe ameandikiwa kwenye karatasi ya daftari!

Simlaumu. Amejinyima mahamri, kila alfajiri anatembea kando ya bahari pale Mama Ngina, na mwili haushuki. Naumia nikimkuta analia mbele ya kioo.

Aliyewahi kutumia vitu hivi, vilimfanyaje? Kuna daktari wa sukari hapa Mombasa anayesikiliza bila kumsimanga mtu kwa unene wake? Na sindano zilizosajiliwa, kama semaglutaidi, zamfaa? Amesema ataanza Ijumaa.