Picha yangu mwenyewe inatangaza punguzo la simu niliyoinunua siku 19 zilizopita

Ndugu wanajamvi, naandika haya mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa kuwa nimetoka Kariakoo saa moja tu iliyopita na abiria wote wa daladala la Tandika wamenisikia nikizungumza peke yangu njia nzima. Wale jamaa mnawajua. Sina haja ya kuwataja, maana hakuna aliyepita Mtaa wa Aggrey mwezi huu asiyeliona bango lao, asiyesikia spika zao, au asiyeshikwa mkono na mmoja wa mawinga wao, wale wavuta wateja.

Siku 19 zilizopita nilikwenda kwenye uzinduzi wa simu yao mpya. Mimi ni mshonaji, na wateja wangu wengi siku hizi huchagua mshono kwa kutazama picha ninazowatumia. Simu yangu ya zamani ilikuwa ikipiga kitenge chekundu kikatoka na rangi ya tofali, hata mteja mmoja akaikataa nguo yake mlangoni akidai nimembadilishia kitambaa. Zamu yangu ya upatu ilipofika, nilichukua fedha zile, nikaongeza na akiba niliyoweka kwa ajili ya pango la fremu, nikalipa shilingi 1,450,000 taslimu. Yule muuzaji mwenye shati la bluu alizihesabu mara mbili, akanipa risiti, akalifungua boksi taratibu kama anayemfunua mtoto mchanga, kisha wakaniomba nisimame kando ya maputo wanipige picha kwa kuwa nilikuwa mteja wa tatu kuipata simu hiyo. Nikasimama. Nikatabasamu, jamani, nikatabasamu mpaka jino la mwisho.

Leo nilirudi kufuata kava tu. Mlangoni nikakuta bango jipya lenye kimo cha mtu, na kwenye bango hilo nipo mimi, na boksi langu kifuani, na meno yangu yote nje, na chini ya kidevu changu pameandikwa kwa maandishi mekundu: "Ilikuwa 1,450,000. Sasa 990,000 tu!" Nilidhani macho yananidanganya, nikasogea, nikasoma tena, nikaushika ule mkono wangu wa karatasi. Ni mimi. Nikamwita yule yule mwenye shati la bluu, nikiwa nimesimama chini ya uso wangu mwenyewe, nikamwuliza imekuwaje. Akanitazama, akalitazama bango, akanitazama tena, akasema: "Si ungesubiri, dada?"

Si ungesubiri, dada!

Siku 19, ndugu zangu. Kuku aliyeanza kuatamia siku niliyoinunua simu hii bado yuko juu ya mayai. Mtoto aliyezaliwa asubuhi ile hata arobaini hajafikisha. Ile nailoni ya kioo sijaibandua upande mmoja. Tofauti ni shilingi 460,000, na kwa kuwa gauni la kawaida nalishona kwa 20,000, hayo ni magauni 23, mgongo wangu na macho yangu yakiwamo. Nilipodai angalau wanifikirie, alinionyesha mstari wa chini kwenye risiti unaosema mali ikishauzwa hairudishwi. Lakini mimi sikwenda kurudisha mali! Simu naitaka, na inapiga picha vizuri, hata kwenye bango nimetoka vizuri. Nilichotaka ni mtu mmoja katika duka lile aseme "pole". Na lile kava nililolifuata ni 15,000, nalo halijashuka hata shilingi.

Nimepita mbele ya maduka ya Kariakoo maisha yangu yote na nimepigwa bei mara nyingi, ila sijawahi kupigwa bei na picha yangu. Kila mtu anayeingia pale sasa anaingia akinitazama mimi niliyelipa zaidi, nikimchekea. "Si ungesubiri, dada?" Ningesubiri nini, na nani aliniambia kuna cha kusubiri?

Mjukuu wa Manzese: Pole sana, dada yangu. Nilikuwapo siku ile ya maputo na bango nimeliona jana, nikajiuliza huyu dada amelipwa kiasi gani mpaka afurahi vile. Kumbe umelipa wewe. Na mimi nilinunua siku hiyo hiyo, ila kwa bahati nzuri niliikataa picha kwa sababu nilikuwa nimeaga kazini kuwa naumwa.

Baba Wawili: Dada, tuambiane ukweli. Simu si kiwanja cha Kigamboni kwamba ukikaa nacho kinapanda thamani. Mtu anakwenda kununua siku ya muziki na maputo, bei ikiwa juu kuliko itakavyowahi kuwa, halafu anawalilia wanajamvi. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mimi nasubiri miezi sita, nanunua kwa utulivu, na hakuna anayenipiga picha.

Mshonaji wa Tandika (mleta uzi): Baba Wawili, nakuheshimu, lakini pupa iko wapi hapa? Nilisubiri miezi kumi zamu ya upatu inifikie. Siku fedha zilipofika ndiyo siku niliyokwenda, kwa sababu sisi tunaoishi kwa upatu tunajua fedha hizo zikilala nyumbani wiki moja, zinapata msiba, zinapata ada, zinapata shemeji. Ungekuwa umesimama wewe chini ya uso wako ukaambiwa "si ungesubiri", ungesahau hizo methali zote.

Fundi wa Ghorofa ya Pili: Naomba niwaeleze jinsi biashara hii inavyokwenda, kwa kuwa niko ndani yake na nimechoka kuwasikia watu wakidhani ni bahati mbaya. Bei ya uzinduzi hupangwa ikijulikana kwamba itashuka. Kampuni huwatoza kwanza wale wenye haja au hamu kubwa, kisha hushuka ngazi kwa ngazi kuwafuata wenye subira, na ikiwa mzigo haukutoka kama ilivyotarajiwa, au mshindani ametoa toleo lenye sifa hizo hizo kwa bei ya chini, ngazi hizo hurukwa mbili mbili. Hilo la kwanza. La pili ndilo linalouma. Mara nyingi kampuni ikishusha bei, muuzaji mwenye mzigo ambao haujauzwa hufidiwa ile tofauti, ili asile hasara. Kinachohesabiwa ni namba za IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, za simu ambazo hazijawashwa. Dada, bonyeza *#06# kwenye simu yako, utaona namba yenye tarakimu 15. Namba hiyo ilipowashwa mikononi mwako, ilitoka kwenye hesabu ya fidia. Simu dada yake, iliyobaki rafuni siku ile uliyochukua yako, hiyo imefidiwa.

Mshonaji wa Tandika (mleta uzi): Fundi, nimeibonyeza na nimeiona. Yaani boksi lililokaa rafuni likipigwa vumbi limefidiwa, na mimi niliyelitoa boksi langu dukani kwa fedha taslimu nimeambiwa si ningesubiri? Huyo mwenye shati la bluu alikuwa akilijua hilo huku akinitazama machoni? Leo sitalala.

Mwalimu Mstaafu: Haya hayakuanza Kariakoo, na yapo makampuni yaliyowahi kulazimika kuona haya. Mwaka 2007 Apple iliiuza iPhone ya kwanza kuanzia Juni 29, na ile ya GB 8 ilikuwa dola 599. Septemba 5 mwaka huo huo, kabla hata miezi mitatu haijatimia, ikashushwa hadi dola 399. Waliopanga foleni usiku kucha walipiga kelele kiasi kwamba kesho yake Steve Jobs, mkuu wake wakati huo, aliandika barua ya wazi na kuwapa wanunuzi wa mwanzo dola 100 za kununulia bidhaa katika maduka ya kampuni. Nao Nintendo, mwaka 2011, walikiuza kifaa chao cha michezo cha 3DS nchini Marekani kwa dola 249.99 mwezi Machi, na ilipofika Agosti 12 kikawa dola 169.99. Waliokuwa wamekinunua mapema walipewa michezo 20 bila malipo, na mkuu wa kampuni, Satoru Iwata, alijikata nusu ya mshahara. Sisemi kwamba dola 100 au michezo iliwarudishia watu fedha zao zote. Nasema kwamba waliambiwa tumewakosea nini, kwa maandishi, wala hakuna aliyewaambia wangesubiri.

Baba Wawili: Mwalimu, huko ni kwao. Hapa Iwata wetu ana shati la bluu na analipwa kwa kamisheni.

Wakili Asiye na Ofisi: Mleta uzi, unalia upande usiofaa. Kushusha bei si kosa, na hutampata mtu wa kumshitaki kwa hilo. Ila picha ni jambo jingine kabisa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Picha ya sura yako ni taarifa yako. Je, walikuambia siku ile kwamba itatumika kwenye tangazo? Ulitia saini mahali popote? Kama hukukubali, anza na barua, ambatisha risiti na picha ya bango, na uhakikishe bango linaonekana pamoja na mlango wa duka.

Mshonaji wa Tandika (mleta uzi): Waliniambia ni ya kumbukumbu. Neno walilotumia ni "kumbukumbu". Bango nimelipiga picha, kwa simu hiyo hiyo, na maandishi mekundu yametoka mekundu kweli kweli.

Kidoti: Samahani kwa kuingilia, hiyo ya 990,000 ni ya GB 128 au ya GB 256? Na je, bado zipo?

Mjukuu wa Manzese: Kidoti, mwenzio analia na wewe unauliza ukubwa wa hifadhi? Ni ya 256. Wahi kabla ya Jumamosi.

Mkaazi wa Luthuli: Salamu kutoka Nairobi. Ninyi mnaolipa taslimu mnalia mara moja, mnafuta machozi, mnaendelea na maisha. Mimi nilichukua simu kwa mpango wa kulipa shilingi 85 za Kenya kila siku kwa mwaka mzima, jumla yake ni zaidi ya shilingi 31,000, na mwezi wa tano nikaikuta dukani ikiuzwa 19,000 kwa mtu anayelipa mara moja. Yaani kila asubuhi, kabla sijanywa chai, ninalipia bei ambayo haipo tena duniani. Siku moja nilikasirika nikakataa kulipa, na simu ikajifunga yenyewe nikiwa stejini, nikashindwa hata kumlipa kondakta. Dada, wewe umeambiwa usubiri mara moja. Mimi naambiwa kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kwa ujumbe mfupi.

Mama Pili wa Mbezi: Haya ya simu ni madogo. Mwulizeni mume wangu kuhusu televisheni aliyoinunua siku mbili kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2022, inchi 55, kwa bei ambayo mpaka leo ananificha, kwa sababu aliambiwa zinakwisha. Fainali ilichezwa Desemba 18, na ilipofika Krismasi duka hilo hilo lilikuwa likiiuza kwa punguzo la laki nne, pamoja na stendi ya ukutani bure. Sisi stendi tulinunua. Fundi wa kuitundika tulimlipa. Na timu yake ilitolewa mapema.

Baba Wawili: Mama Pili, hiyo sasa ni hasara ya kweli, maana televisheni huwezi kuitia mfukoni ukajifariji nayo kwenye daladala. Hata mimi, pamoja na subira yangu yote, nilinunua kompyuta ya mtoto wa chuo mwezi wa kumi, na mwezi wa kumi na moja zikaja zile Ijumaa zao za punguzo. Sikumwambia mtu. Naliandika leo kwa mara ya kwanza.

Mshonaji wa Tandika (mleta uzi): Kwa hiyo hata wewe, Baba Wawili! Naomba lakini turudi kwenye bango. Jirani yangu amenipigia simu sasa hivi kunipongeza kwamba nimepata kazi ya matangazo, na anataka kujua kama ninaweza kumpatia kwa bei hiyo. Nimjibu nini?

Mama Pili wa Mbezi: Baba Wawili, afadhali kompyuta, itamsomesha mtoto. Kuna king'amuzi.

Fundi wa Ghorofa ya Pili: Msianze habari za ving'amuzi, tutakesha.

Mkaazi wa Luthuli: Tukeshe. Mimi nilinunua king'amuzi na dishi kwa bei kamili siku ya Jumatatu, na Ijumaa ya wiki hiyo wakatangaza kwamba anayenunua anapewa kifurushi cha miezi miwili bure. Nilipowapigia, msichana wa huduma kwa wateja aliniuliza kwa sauti tamu kabisa kama ningependa kununua cha pili.

Mama Pili wa Mbezi: Ulinunua?

Mkaazi wa Luthuli: Nilinunua. Hesabu ilionyesha kwamba kifaa kipya pamoja na miezi miwili ni nafuu kuliko kulipia miezi miwili kwenye kile cha kwanza. Sasa ninavyo viwili na dishi mbili juu ya paa, na mwenye nyumba anataka kuniongezea kodi.

Kidoti: Nimefika dukani. Zimebaki nne. Kuna anayetaka nimwekee?