UZI: Mliokula Istanbul mkiwa likizo tupeane uzoefu, mi pilau yao ilinipiga chenga

Mleta uzi

Wakuu salaam. Nimerudi juzi kutoka Istanbul, siku sita, na nikiri mapema kabisa misikiti na makumbusho nimeona machache, muda mwingi nilikuwa naongozwa na tumbo. Mpango ulikuwa kila siku mtaa mmoja, nauzunguka kwa miguu na kula kinacholiwa pale. Kilichonipa kiburi ni menyu. Nasoma naona pilav, çay, bamya, helva, kebap, kahve, nikajisemea mbona haya majina yote nayajua, hapa niko nyumbani. Thubutu!

Siku ya kwanza mchana nikaingia kwenye mgahawa wa aina wanayoiita esnaf lokantası, ndo migahawa ya mafundi na wenye maduka. Chakula kimeshapikwa kiko kwenye masinia ya moto nyuma ya kioo, we unanyoosha kidole tu hata kama lugha hujui. Nikaona pilav, nikanyoosha kidole kwa mbwembwe zote. Nikaletewa wali mweupe umepikwa na siagi na tambi fupifupi zilizokaangwa mpaka zikawa kahawia, basi. Hamna bizari, hamna iliki, hamna mdalasini, hata kiazi. Nikawa nachimba na kijiko natafuta nyama chini. Mzee wa meza ya jirani akaniangalia weee mpaka akashindwa, akamwita mhudumu akasema maneno yake, ikaja bakuli ya kuru fasulye, maharage meupe ya mchuzi wa nyanya, akanionyesha kwa mkono mwaga juu. Nikamwaga. Aisee yale maharage yalikuwa laini unayaponda kwa ulimi, na ule wali wa siagi ukanywa mchuzi wote, pembeni achari ya pilipili. Nikaelewa kosa lilikuwa langu, pilav kwao ni wali wa kumwagia kitu siyo mlo unaojitegemea kama wetu.

Kesho yake nikarudi palepale saa tisa alasiri nikakuta masinia yamepanguswa yanang'aa, dada wa pale kanifungulia viganja "bitti", imeisha. Kwahiyo hiyo migahawa nenda saa sita saa saba mchana, ukichelewa shauri yako.

Haya, nyie yaliwakuta yapi?

Mama Wawili

Umenikumbusha mbali mleta uzi. Mi nilienda na watoto wawili, mume alikuwa kwenye semina yake, kwahiyo kutwa nzima ni mimi na wanangu na kadi ya Istanbulkart, ile unayogonga kwenye tramu, basi, metro na hata boti. Kitu bora tulichofanya ni boti ya kutoka Eminönü kwenda Kadıköy upande wa Asia, kama dakika ishirini hivi. Unanunua simit kabla hujapanda, ule mkate wa mviringo wenye ufuta mwingi, afu kwenye boti wanauza chai kwenye vile vigilasi vyembamba katikati. Nusu ya simit tulikula sisi, nusu walikula shakwe maana wanaruka sambamba na boti na watoto walikuwa wanawarushia vipande. Chai yao haina maziwa, usiulize hata, ni ya rangi na vidonge vya sukari pembeni.

Sasa kituko. Barabarani kuna vigari vinauza mahindi ya kuchemsha na ya kuchoma, vimeandikwa mısır. Siku hiyo hiyo tunaenda lile soko la viungo linaloitwa Mısır Çarşısı, mwanangu mkubwa akaanza kushangilia tunaenda soko la mahindi! Kumbe Mısır ni Misri, na mahindi nayo wanayaita hivyohivyo. Soko ni la miaka ya 1660 huko, la viungo na lokum (zile pipi zao laini za kutafuna) na matunda makavu, hindi hata moja hamna ndani. Alinuna mpaka tukatoka nje nikamnunulia la kuchoma.

Mkifika hapo msinunue zafarani ya bei chee, nyingi ni ua jingine tu lenye rangi kama hiyo. Mi niliinunua, nikaja kupikia, wali ukapata rangi ila harufu hamna.

Mla Usiku

Nyie mnaongelea mchana, Istanbul ya kweli iko usiku. Mi sikuwa na watoto wala mke wa kunizuia hahaha.

Kwanza kokoreç. Ni utumbo wa kondoo umezungushwa kwenye chuma kirefu kimelazwa juu ya mkaa, jamaa anakata kipande anakikatakata na visu viwili juu ya ubao, ta ta ta ta, anatia nyanya, pilipili ya unga na majani makavu flani, anaingiza kwenye mkate. Kama we ni mtu wa utumbo na mishikaki hapo umefika. Kama utumbo hupendi pita mbali maana harufu inakufuata hadi kona ya pili.

Pili midye dolma. Hii nitaielezea vizuri maana watu wanaikosea. Ni kome weusi wa baharini, ndani wamejazwa wali wenye viungo (hapa ndo nilipoipata ile pilau mleta uzi aliyokuwa anaichimba na kijiko). Muuzaji anasimama na sinia mtaani, anafungua kombe, anakamulia limau, anakupa. Lile ganda la juu ndo kijiko chako. Unakula unamrudishia maganda, kabla hujameza kashakupa jingine. Hamna cha kuagiza idadi, ataendelea mpaka wewe mwenyewe useme basi, afu anahesabu maganda. Mi nilidhani nimekula kama nane. Maganda yalikuwa ishirini na tatu. Nilihesabu upya mimi mwenyewe nikiwa nimechuchumaa pale barabarani, ishirini na tatu.

Angalizo, joto likiwa kali na sinia limekaa juani, acha. Chagua anayeuza haraka mwenye watu wengi.

Na saa nane usiku kuna supu ya utumbo, işkembe, unatia mwenyewe kitunguu saumu na siki. Asubuhi unaamka kama hukwenda popote.

Mpenda Samaki

Mi wangu ni wa majonzi kidogo. Nilikula balık ekmek pale Eminönü karibu na daraja la Galata, samaki jamii ya vibua wa kuchoma ndani ya mkate, kitunguu, majani ya saladi, limau. Pembeni wanauza maji ya achari kwenye kikombe, turşu suyu, mekundu yanavutia kama juisi ya rozela. Nikapiga fundo zima. Chumvi na siki tupu! Jamaa niliyekaa naye akacheka hadi machozi. Ila fundo la pili na yule samaki ukiwa unatafuna, yanaendana, siwezi kukataa.

Majonzi yalikuja usiku. Nikasema leo nile samaki kitajiri, nikaingia mgahawa mmoja kwenye mitaa ya watalii, sitautaja. Menyu ya samaki haina bei, nikaona aibu kuuliza. Wakaja na sinia la visahani, biringanya, mtindi wa kitunguu saumu, pweza, nikadhani ni ukarimu nikachukua vitatu. Bili ilivyokuja kila kisahani kina bei yake, samaki kapimwa kwa kilo, na juu yake kuna hela ya kukaa mezani. Kwahiyo ukiletewa sinia uliza kwanza, na samaki apimwe mbele yako uambiwe bei kabla hajaenda jikoni. Aibu yangu ile ililipa chakula cha siku tatu.

Mleta uzi

@Mpenda Samaki pole mkuu 😂 mimi aibu yangu ilikuwa ayran. Nimeona nyeupe ina povu nikajua maziwa baridi ya sukari, kumbe mtindi wa maji na chumvi. Siku ya nne nikawa siwezi kula kebap bila hiyo kitu.

@Mla Usiku ishirini na tatu?? Heshima yako.

Bibi Harusi

Sisi tulienda fungate Desemba, baridi kali, lakini ndo tukakutana na boza. Iko mtaa wa Vefa, kuna duka la zamani linauza tangu 1876, kinywaji kizito cha nafaka kilichochachushwa, juu wananyunyiza mdalasini, na unakula na dengu za kukaanga. Mume wangu kaonja kijiko cha kwanza akaweka glasi chini akaniangalia, "Hii si togwa?" Sasa kila mtu mle ndani kimya anakula na kijiko chake, mume wangu anamweleza mhudumu kwa Kiswahili kwamba bibi yake alikuwa anatengeneza hii. Mhudumu anaitikia kwa kichwa tu, sijui alielewa nini, alituongezea dengu.

Nyingine ni lokma. Nikaona foleni pembeni ya msikiti, nikadhani wanauza, nikapanga. Ni kaimati kabisa hizi zetu, duara, shira, moto. Natoa hela mama mmoja ananisukuma mkono. Kumbe familia imefiwa, wanakaanga na kugawa bure watu wamuombee marehemu. Nikamwombea nikiwa nimejaza mdomo, Mungu anisamehe.

Afu mkila mahali mkaridhika mwambieni mpishi "eline sağlık", ni kuombea mikono yake afya. Mama mmoja wa kupika alitoka jikoni kuja kutuona sura.

Transit Tu

Wadau mi napita hapo mwezi ujao, nina masaa kumi mchana, uwanja uko mbali na mji. Nile nini kimoja tu?

Mama Wawili

Ukitoa kwenda, kurudi na foleni za uwanjani yanabaki kama matano. Achana na mgahawa wa kukaa. Shuka Eminönü, nunua simit, panda boti ya Kadıköy, kula sokoni upande ule mchana, rudi na boti. Na chukua simit ya ziada, shakwe hawana subira.

Mla Usiku

Kadıköy kome wapo pia. Hesabu maganda.