Vigae vipya juu ya vya zamani bafuni?

Swali: Wandugu, bafu letu hapa Ntinda, Kampala, lina vigae vilivyolegea, na maji hutuama karibu na mlango badala ya kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Je, nibandike vipya juu yake?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Bomoa hadi kwenye zege, kisha fundi aitengeneze upya sakafu kwa mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, apake dawa ya kuzuia maji, na ikishakauka azibe tundu na kuyaacha maji yasimame saa 24 kuona kama yanavuja, kabla ya kubandika chochote.

Jibu: Mabomba nayo yabadilishwe sasa, mimi nilisahau, nikabomoa ukuta mpya.

Muulizaji: Asanteni. Basi tutaoga uani kwa beseni.