Mjadala: Msiba utangazwe kwenye kundi la ukoo kabla ndugu wa karibu hawajapigiwa simu?

MTOA MADA (Dar es Salaam)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Naleta jambo linalonikereketa tangu mwezi uliopita, mnipe maoni yenu bila kunionea huruma.

Nilikuwa kwenye daladala natoka Mbezi, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Simu ikatetemeka mfukoni, ikatetemeka tena, ikawa haiachi. Kundi letu la WhatsApp la ukoo lina watu 143. Nikafungua kwa kidole gumba. Ujumbe wa kwanza ni picha ya waridi na kikombe cha chai, "Asubuhi njema wapendwa." Wa pili, mtu anauza vitenge. Wa tatu, picha ya baba mdogo, ile aliyopigwa kwenye harusi ya dada yangu, safari hii imewekewa mshumaa pembeni. Chini yake: "Tumeondokewa. Taratibu zitafuata." Baada ya hapo ni pole, poleni, vikatuni vya mikono iliyofumbatana, Bwana ametoa, na mmoja anauliza "Huyu nani?"

Huyu ndiye baba mdogo aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Konda akaniuliza nashukia wapi, sikuweza kumjibu.

Msimamo wangu: mke au mume, watoto, wazazi, ndugu wa tumbo moja na yeyote aliyelelewa na marehemu wasijue msiba kwa kusoma. Wapigiwe, au atumwe mtu awafuate. Kundi lije baada ya hapo. Aliyeandika ni binamu yangu, na nilipomuuliza akaniambia, "Nilidhani umeshajua." Mnasemaje?

KATIBU WA KAMATI (Tabata)

Pole sana ndugu. Ila ngoja nimtetee huyo binamu maana namwona kama ni mimi. Kwetu kila ukitokea msiba daftari napewa mimi. Baba yangu alipofariki mwaka 2009 nilikaa kwenye ngazi za hospitali na simu ya tochi, nikakwangua vocha mpaka kucha ikawa nyeusi. Kila ninayempigia analia, na mimi naanza upya. Nilipofika kama wa kumi nikawa natamka tu, kama mtu anayesoma tangazo la maji. Na pamoja na yote hayo nilimsahau shangazi mmoja wa Kahama. Alikuja, akakaa kwenye mkeka, mkono hakunipa, na miaka miwili mizima hakupokea simu yangu.

Leo naandika mara moja, watu 200 wanajua, hakuna wa kusema alisahauliwa. Wewe unaona ukatili, mimi naona usawa.

KIJANA WA BANDO

Usawa gani wa mjane na muuza vitenge?

MWALIMU MSTAAFU (Moshi)

Mnazungumza kana kwamba zamani kila mfiwa alinong'onezwa sikioni. Si kweli. Vifo vilitangazwa Redio Tanzania Dar es Salaam na nchi nzima ikasikia. Nilikuwa nafundisha Sumbawanga, tukikaa nje jioni na redio ya betri, na matangazo ya vifo yakianza hata watoto walijua wanyamaze.

Lakini tangazo lile lilipangwaje? Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea siku fulani. Habari ziwafikie fulani wa Tabora, fulani wa Kigoma, mwalimu fulani wa shule fulani, Sumbawanga. *Ziwafikie.* Unatajwa jina na mahali ulipo. Yule aliyekwenda kulipia tangazo alikaa chini kwanza akawaza ni nani na nani wanaopaswa kujua, maana hela ilikuwa inamtoka. Redio ilisikika na mamilioni ila iliita watu sita. Kundi lenu linasema na watu 143 na halimwiti hata mmoja.

Tena kulikuwa na telegramu ya posta. Ililipiwa kwa neno, kwa hiyo watu walibana, lakini mara nyingi hawakuandika "amekufa". Waliandika "BABA MGONJWA SANA NJOO HARAKA". Neno "sana" lililipiwa makusudi. Ukiliona, unafunga mzigo ukijua unakwenda kuzika, ila njia nzima unaachiwa nafasi ya kuzoea.

FUNDI MAJOKOFU (Mbagala)

Mwalimu, kwa heshima zote, ule ulikuwa uongo tu. Mama yangu alipata telegramu ya namna hiyo akapanda treni ya Kigoma, siku mbili njiani, amebeba maziwa ya kopo na kapu la machungwa ya mgonjwa. Kufika, kaburi limeshaota ufa. Machungwa yakaliwa na waliokuja matanga. Mpaka leo akisimulia hamtaji aliyekufa, anataja machungwa.

Bora "Tumeondokewa" kwenye kundi kuliko kuchezewa akili kwa nia njema.

MWALIMU MSTAAFU (Moshi)

Kwa machungwa umenipata. Sina jibu.

NIKO MUSCAT

Mie naomba nisikilizwe kidogo, maana nyote mwazungumza kama watu mnaoweza kupanda basi. Niko huku mwaka wa kumi na moja, kwetu Wete, Pemba. Sisi maiti hangojewi. Mama alifariki baada ya alfajiri na baada ya sala ya adhuhuri keshazikwa.

Kaka yangu alinipigia mara nne. Niko kazini, simu iko kabatini, ndiyo amri ya kazi. Nilipotoka kunywa chai nikaiwasha, na kabla sijaona kama kuna simu nne, kundi la nyumba lishafika: "Innaa lillahi wa innaa ilayhi raaji'uun, mama ametangulia, jeneza latoka adhuhuri." Nimejulia hapo, nimesimama karibu na mashine ya chai, na wageni watupu ubavuni. Ilikata, ndiyo. Lakini nilipiga simu ya video palepale, mtoto wa ndugu yangu akashika simu juu, nikaliona jeneza likitoka mlangoni kwetu, ule mlango wa kijani, nikawasikia wanaume wakiitikia tahalili mpaka sauti zikapotea njiani.

Lau kaka angesubiri nipokee ndipo aandike kundini, ningepigiwa saa kumi jioni nikaambiwa habari iliyokwisha. Nani kakwambieni sauti ndiyo huruma?

MUUGUZI

Mnajadili maneno, mimi yananishinda mapicha. Kumbukeni Morogoro, Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka. Walifariki zaidi ya watu 100, na siku hiyohiyo video za miili zilikuwa zinatembea kwenye simu za watu ambao hata Morogoro hawaijui. Kuna mama mahali fulani alikuwa anatafuta mwanawe huku jirani yake ameshamtazama mara tatu kwenye kioo cha simu.

WhatsApp wenyewe walishaweka mipaka: tangu Aprili 2020 ujumbe uliosambazwa mara nyingi unapelekwa sehemu moja tu kwa mara moja. Mtu akitaka anauhifadhi anautuma upya kama wake. Mpaka hauwekwi na kampuni. Kwenye kundi la wodi yetu tumekubaliana: ukiweka picha ya maiti au mahututi unatolewa, hata kama wewe ni bosi.

MWANASHERIA WA KIJIWENI

Mtoa mada, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Mpeleke binamu yako.

KIJANA WA BANDO

Ile inabana taarifa za uongo. Baba mdogo amefariki kweli. Kifungu cha kukosa adabu hakijatungwa.

MAMA WA VIKOBA (Mwanza)

Na mimi nichomekee langu, hata kama linatoka nje ya mada kidogo. Tangazo linadumu dakika kumi. Baada ya hapo kundi linageuka kitabu cha madeni. "1. Baba Neema 50,000 ametoa. 2. Mama Juma 20,000 ahadi. 3. Kaka wa Geita, ahadi." Mtu ananakili orodha, anaongeza jina lake, anabandika tena, na kila ikibandikwa yule wa ahadi anaonekana upya. Mwaka jana nilikuwa namba 3 kwa siku nne. Nilikuwa na mtoto amelazwa. Kila simu ikilia nashtuka kuliko aliyefiwa.

Msiniambie zamani kulikuwa na stara. Daftari la rambirambi lilisomwa kwa sauti msibani, tena anasoma mwenye sauti kubwa kuliko wote. Ila lilisomwa mara moja, likafungwa, mkala wali, yakaisha. Hili la simu halifungwi.

KATIBU WA KAMATI (Tabata)

Mama, samahani sana kwa hilo, na ninakiri hizo orodha huwa nazibandika mimi. Lakini turubai halisubiri, viti vinataka malipo kabla, na gari la kusafirisha mwili dereva anataka nusu mkononi. Tangu pesa za simu zilipoingia nchini mwaka 2008 kila mtu anajua unaweza kutoa ukiwa kitandani, kwa hiyo kisingizio cha "sikupata wa kumpa" kimekufa. Bila orodha wanatoa walewale kumi.

MAMA WA VIKOBA (Mwanza)

Nipigie. Namba yangu unayo. Uniambie, "Dada, umekwama?" Ni dakika moja.

FUNDI MAJOKOFU (Mbagala)

Kupigiana ndiko kulikotushinda. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizima dunia nzima kwa muda wa karibu saa sita, kwetu ilikuwa jioni. Nilishangaa nilivyokuwa natembea nyumbani bila kujua la kufanya. Na mke wangu akaniuliza, "Huna namba za watu?" Ninazo. Nilikuwa sijui niwaambie nini kwa mdomo.

MTOA MADA (Dar es Salaam)

Nimewasoma wote, wengine mara mbili.

Dada wa Muscat, kwako nimesalimu. Msimamo wangu niliuandika nikiwa na hasira ya daladala, sikuwawaza walio mbali wala maziko ya siku hiyohiyo. Kwa hiyo kundi lisizuiwe. Ila kaka yako alipiga mara nne. Ungemkuta hajapiga hata mara moja, ungeandika hivi?

Mwalimu, hilo la "ziwafikie" nimelala nalo. Nililipeleka kwenye kundi letu, tukabishana siku tatu, binamu yangu akatoka kundini akarudishwa, na mwisho tukapatana kwamba orodha ya wa kupigiwa iandikwe sasa hivi, watu wote wakiwa wazima. Watano tumegawana majina. Mimi nimepewa manane, upande wa Singida na Dodoma. Ukitokea msiba anayejua kwanza anawaambia wanne, kila mmoja anapiga za kwake, kundini panaandikwa wakati huohuo bila picha na bila mshumaa. Kuna waliocheka, wakasema tunapanga vifo.

Alhamisi iliyopita ikatukuta. Bibi mmoja upande wa mama, mtu mzima sana, alikuwa ameshalala kitandani muda mrefu. Nikapiga zangu nane. Saba walipokea vizuri, mmoja hata alinishukuru. Wa mwisho shangazi yangu wa Singida, ambaye alikuwa anasuka nywele na marehemu tangu wakiwa wasichana. Nikajikaza, nikaanza kwa shikamoo, nikamuuliza hali, nikamwambia taratibu. Akanikata: "Nimeshaona, mwanangu. Mjukuu wake aliweka kwenye status tangu asubuhi."

Nikamuuliza, mbona shangazi kimya, kundini hujaandika hata pole?

Akasema, "Nilikuwa nangoja nione ni nani atakayenipigia."

KIJANA WA BANDO

Ulimpigia saa ngapi?

MTOA MADA (Dar es Salaam)

Saa tisa alasiri. Nilikuwa kazini.