Boti zinazokimbia penye maji membamba, mabwawa ya Mtera na Hombolo: tupeane uzoefu

MwanaMigoli: Leo boti imepita mbio pale bwawa linapobana, nikakumbuka yetu. Tulikuwa tunatoa nyavu kandokando ya matete, mimi na kaka. Boti ikaja, si kwa kasi kamili wala taratibu, ile hali pua imenyanyuka na nyuma imezama. Mwendo huo ndio unaotoa wimbi baya kuliko yote. La kwanza tulilikabili kwa kasia. La pili likagonga ukingo, likarudi, likatupindua. Nyavu chini, samaki chini. Kaka hajui kuogelea. Aling'ang'ania mtumbwi uliogeuka mpaka wenzetu wa mwalo wakafika. Mwenye boti hata shingo hakugeuza.

Dada wa Hombolo: Poleni mno. Tunayajua hayo.

Mkulima Bwawani: Mie nalia na ukingo. Wimbi linachimba chini, juu kunabaki kunaning'inia, siku unakuta bonge la udongo limeanguka na mahindi yake.

Kijana Area C: Shamba liko mita ngapi toka majini? Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema 60. Ungeyaacha matete, wimbi lingefia humo.

Mkulima Bwawani: Hili ni bwawa la umeme, maji yanapanda na kushuka. Kiangazi niko mbali, masika yananifuata. Hizo 60 nianzie wapi kupima?

Binti Makulu: Msigombane. Marekani kuna mchezo wa kuteleza kwa ubao juu ya wimbi la boti. Boti inajazwa maji kwenye matangi iwe nzito, wimbi liwe kubwa. Wimbi likiwa na kimo mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Jimbo la Vermont tangu 2024 linawataka wenye boti hizo wakae futi 500 toka ufukweni, kama mita 150, penye kina cha futi 20 au zaidi. BMU zetu, vile vikundi vya kusimamia uvuvi mwaloni, nazo zidai umbali.

Mzee Kasia: Boti moja ilipita usiku kwenye mlango mwembamba, viboko wakakurupuka. Mmoja akaibukia chini ya mtumbwi wa jirani yangu, akauvunja katikati. Jirani alikaa kwenye matete mpaka alfajiri.

Dada wa Hombolo: Yarabi! Alipona?

Mzee Kasia: Alipona. Wimbi likija, elekeza pua kwake.

Kijana Area C: Hapana mzee, likate kwa mshazari, mtumbwi usinywe maji.

MwanaMigoli: Vaeni jaketi la kuokolea kwanza.

Mama Perege: Mzee, viboko hao upande gani? Mume wangu anatega leo.

Mzee Kasia: Wa Iringa, mama. Asubiri kupambazuke.