Sukuma iko sawa, karoti zimegoma (Georgia)

MamaShamba: Habari zenu wapendwa. Niko Atlanta, nina kishamba nyuma ya nyumba, udongo mwekundu wa mfinyanzi, ukikauka ni tofali. Mwisho wa Agosti nilihamishia miche ya sukuma wiki na imeshika vizuri. Karoti ndizo zinaniumiza. Nimesia, siku ya 12 leo, hakuna kitu. Za mwaka jana nazo zilitoka na miguu miwili miwili. Nakosea wapi?

Kijana wa Limuru: Dada, usizifukue! Karoti huchukua hata wiki tatu kuota. Ulifukia kina gani? Nusu sentimita yatosha. Jua la Septemba huku Kusini mwa Marekani linatengeneza ukoko juu ya tuta, na kile kimche chembamba kama uzi hakiwezi kuutoboa. Mimi hulowesha tuta, natandika gunia lenye maji, kila asubuhi nafunua pembe moja nachungulia. Nikiona kijani tu, gunia natoa siku hiyohiyo.

Mama Wawili: Miguu miwili ni mawe au samadi mbichi. Inua tuta, changanya mboji iliyooza kabisa. Zikiota zipunguze, ziachane vidole vitatu. Sukuma nayo geuza majani, viwavi vya kijani hukaa chini yake. Ila usiivune yote mapema: ikipigwa na jalidi (umande ulioganda) ya Novemba inakuwa tamu ajabu.

MamaShamba: Samadi ya kuku, mbichi, ndiyo niliyotia mwaka jana! Asanteni sana. Jioni natafuta gunia.