Mapigo 187, ECG siielewi: eko itasaidia? (Tabora)

tabibu_wa_zamu: Wakuu, habari za usiku. Niko zamu, hospitali ya wilaya huku Tabora. Mzee wa miaka 61, moyo unakwenda mbio, mapigo 187 kwa dakika tangu jioni. ECG (mchoro wa umeme wa moyo) siielewi, mawimbi ya P, yale ya umeme wa atria, hayaonekani. Eko, mashine ya picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ninayo. Probu yake niiweke wapi nizione atria, chemba za juu? Nataka tu kuhakikisha ni SVT, mbio zinazoanzia juu ya ventrikali (chemba za chini).

Probu_Baridi: Chini ya ncha ya mfupa wa kidari. Alale chali, akunje magoti ili tumbo lilegee. Ukizipata chemba nne, washa modi ya M (inachora mwendo wa kuta kwenye mstari mmoja), mstari ukate ukuta wa atria na wa ventrikali. Ukigoma kukata zote mbili, rekodi moja moja. Kasi ya mchoro 100 mm kwa sekunde, la sivyo mikunjo inabanana. Chukua 60, gawa kwa sekunde zilizo kati ya mikunjo miwili: 0.32 inakupa 187. Dopla ya mitrali (mtiririko wa damu kwenye vali hiyo) iache, kwa mbio hizo mawimbi yake mawili, E na A, yanaungana.

Asali_Mbichi: Eko ya nini? Kuituliza SVT, apulize bomba la sindano sekunde 15, kisha mlaze chali, miguu juu sekunde 15. Siku hizi mnaona mashine kabla ya mgonjwa.

Mwembe_Mzee: Upana wa QRS, wimbi la umeme wa ventrikali? Umelikwepa.

tabibu_wa_zamu: Sekunde 0.16. Na mwaka juzi alipata shambulio la moyo. Ila presha 110/70, anaongea vizuri, ndiyo maana nasema SVT yenye bloku (umeme unachelewa ndani ya ventrikali, QRS inapanuka). Dawa ya SVT, verapamili 5 mg, nimeshaivuta kwenye bomba.

Mwembe_Mzee: Weka chini hilo bomba! QRS pana kwa mwenye kovu la moyo ni VT, mbio zinazoanzia kwenye ventrikali zenyewe, mpaka ithibitike vinginevyo. Presha nzuri haiiondoi VT. Verapamili hapo inaweza kumwangusha presha mkiwa mnamtazama.

tabibu_wa_zamu: Ndiyo iliyokuwa karibu kabatini, mkuu.

Reli_ya_Kati: Hii chai. Mwanzo ECG huielewi, sasa umepima QRS hadi 0.16. Mzee yuko 187, wewe unachapa? Kuna mtu ana mtihani kesho, anatafutiwa majibu.

tabibu_wa_zamu: Nilisema P hazionekani, QRS naiona. Nesi yuko naye, mashine ya kushtua moyo iko kitandani. Modi ya M, kati ya mikunjo miwili: atria sekunde 0.60, ventrikali 0.32.

Reli_ya_Kati: Atria 100, ventrikali 187. Haya, nimerudisha maneno. Hizo ni treni ya Kigoma na ya Mwanza, zimeshaachana hapo stesheni, kila moja na ratiba yake.

Probu_Baridi: VT hiyo, ventrikali zinakwenda mbio kuliko atria. Hata zingekwenda sawa, pigo kwa pigo, usingeifuta, maana umeme wa ventrikali unaweza kupanda kurudi atria. Flata, mbio za atria zenyewe, ingekuwa atria karibu 300, ventrikali 150. Amiodaroni 150 mg kwenye dekstrozi 5% ml 100, iishe kwa dakika 10. Pima potasiamu. Presha ikishuka au akianza kuchanganyikiwa, usisubiri dawa: mshtuko uliolandanishwa na QRS, jouli 100. Nguvu ya moyo usiiandike sasa, kwa mbio hizi itasomeka ndogo kuliko ilivyo.

Mwembe_Mzee: Na bomba la verapamili?

tabibu_wa_zamu: Limeshaingia sefti boksi. Amiodaroni ipo, dekstrozi inaletwa kutoka wodi ya watoto.